Mnapima viwanja?

Jana mtoto kaibuka stoo na lile dude, kalishika kichwa chini miguu juu, ananiuliza mama hii antena ya king'amuzi gani. Nikamwambia hiyo si ya king'amuzi, hiyo ya babu yako, iweke taratibu usije ukajikata. Bas kazi ya kufua ikaishia hapo hapo, nikakaa kwenye ngazi nalo mapajani nafuta utando wa buibui.

Babu yake ndo Mjomba wangu. Alikuwa afisa wa redio melini, kazi yake kupiga Morse, zile alama za nukta na mistari za kutumia ujumbe, mpaka 1999 sheria mpya za setilaiti zikaziruhusu meli kutembea bila mtu wa Morse, akarudi Tanga na begi moja na vitabu. Wenzake wakafungua maduka, yeye akaenda kuomba leseni ya redio za ridhaa, zile za watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu bila malipo, akapata jina lake la hewani linaloanza na 5H kama mengi ya Tanzania, na toka hapo Shangazi ndo kaanza kulalamika kuhusu nyaya darini.

Sasa hii ya 2021. Kuna kile kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kinazunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, kilomita kama 400 juu. Mle ndani kuna redio ya watu wa ridhaa, na tangu Septemba 2020 iliwekwa ikae inapokea sauti kutoka chini na kuzirusha tena chini. Unaongea kwenye masafa ya megahezi 145.990, yenyewe inakurudisha kwenye 437.800, bas na mtu aliye mbali huko naye akiwa chini ya kituo muda huo huo anakusikia. Na Mjomba alikuwa na redio koli ya mkononi tu, ya Kichina, wati 5. Taa yetu ya barazani inakula 9.

Antena akaitengeneza mwenyewe kwa bomba la plastiki la maji na futi ya fundi, ile ya chuma ya njano. Akaikata vipande, virefu vya kama mita moja vya kurushia, vifupi vya sentimita thelathini na kitu vya kupokelea, namba za futi zote zinaonekana. Hizo namba ndo zilizotuponza.

Akanambia mwanangu mikono yangu miwili haitoshi, njoo unishikie, tukiswali magharibi twende ufukweni Raskazoni. Nikaenda. Kwa Mjomba huwa huulizi sana, unavaa ndala unaenda.

Tulifika maji yamekupwa, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga mgumu, wavuvi wawili watatu wamekaa kwenye ngalawa wanapiga soga. Mimi nasimama na dude la futi nalielekeza mjini, Mjomba pembeni anaangalia saa. Haikupita muda akaja mzee na baiskeli, akaiegesha, akatoa salamu vizuri kabisa, mnajua salamu za Tanga, za nyumbani, za watoto, za afya, halafu ndo akauliza: "Mnapima viwanja?"

Nikasema hapana mzee wangu, hatupimi.

"Na hiyo futi?"

Nikaangalia futi. Kweli ni futi. Wale wa kwenye ngalawa wakashuka, mmoja anasema ufukwe huu wa wananchi, kila siku watu wa viwanja wanakuja saa za giza giza, safari hii wamemleta na mwanamke ili tusiseme kitu. Mjomba wala hajageuka. "Dakika mbili," anasema. Mimi ndo najibu, nawaambia tunasubiri chombo kinapita hapo juu. Chombo gani? Cha angani. Mzee akanitazama, akamtazama Mjomba, akasema "Haya." Aliyekulia pwani anaijua hiyo haya.

Halafu ikatokea. Upande wa mjini, juu ya minazi, nyota moja nyeupe inatembea, haimeti, haina mlio. Mtoto mmoja akaacha mpira akanyoosha kidole. Mjomba akafungua ile sehemu inayobana kelele, spika ikaanza shhhhhh kwa nguvu, watu wote kimya. Nikaielekeza antena kwenye ile nyota na nikawa naifuata polepole. Mwanzo kelele tupu. Kisha ile shhhh ikaanza kupungua, inakuwa nyembamba, inakatika katika, halafu ikaisha kabisa, na ndani ya huo ukimya akatoka mwanaume anaongea Kiingereza wazi utadhani yupo kwenye ngalawa pale. Zulu Sierra Six, ndo mwanzo wa jina lake la hewani. Afrika Kusini, Mjomba akanong'ona, na tayari kashabonyeza kitufe cha pembeni anataja jina lake la hewani na "Kilo India nine four", hilo ndo eneo letu sisi Tanga kwenye ramani yao.

Hakujibiwa. Akarudia, wapi. Akanambia geuza kifundo cha mkono, geuza tu, usishushe. Nikazungusha bomba robo duara huku mtandio unanipanda usoni, na Mjomba anahama chaneli, maana chombo kikija mbio masafa yanapanda juu kidogo na kikiondoka yanashuka, alikuwa kaziweka zote kwa mpangilio kuanzia 437.810 mpaka 437.790. Akaita tena. Na yule bwana akajibu. Akalitaja jina la Mjomba herufi moja moja, hakukosea hata moja, akasema fifty nine, yaani nakusikia vizuri kabisa, Mjomba naye fifty nine, asante, seventy three, ndo kwaheri yao. Imeisha. Sekunde chache tu.

Nyota ikafika upande wa bahari, ikafifia, ikazimika. "Mmeizima?" akauliza mtoto. Imeingia kwenye kivuli cha dunia tu, redio bado inaongea, na sasa alikuwa mtu mwingine, lafudhi ya Kiarabu. Mzee wa baiskeli akasogea. Huyu wa wapi? Mjomba akasema Oman.

Mzee akabadilika sura. Akasema ana ndugu yake Muscat, mtoto wa mama yake mkubwa, miaka hawajasikizana, hebu mwambie huyo bwana amuulizie. Mjomba akasema haiwezekani mzee wangu, leseni ya ridhaa si ya kubebea salamu za watu. "Salamu tu?" Salamu tu, nayo hairuhusiwi. Wakati wanabishana ile shhhh ikarudi ikammeza yule wa Oman.

Mzee akachukua baiskeli yake. "Sasa mashine ya kuongea na Oman, halafu hamna la kuwaambia," akasema, si kwa hasira, akaondoka.

Njiani nikamuuliza Mjomba, kwani mmeongea nini na yule wa Afrika Kusini? Akanambia kanisikia, nimemsikia. Nikasubiri aendelee, hakuendelea. Alipofika nyumbani akaandika kwenye daftari lake, saa ya Greenwich, jina la yule bwana, masafa, akala wali wake na samaki kwa furaha ambayo Shangazi alisema hajaiona tangu harusi.

Mimi kuna siku naona mzee ndo alikuwa na hoja. Kuna siku nyingine, nikiwa nimeshinda kwenye magrupu ya WhatsApp kutwa nzima, sijui, namwelewa Mjomba kidogo. Pale Raskazoni lakini wao walishaamua zamani. Akipita mpaka leo wanamuuliza viwanja vimefikia wapi, na yeye anawajibu bado vinapimwa.