Tangi la Mzee

Juzi binti yangu kakuta kipande cha sabuni ya mche kwenye kidroo cha gari. "Mama, unafulia nini humu?" Petroli haiyeyushi sabuni, nikamwambia, tangi likitoboka unasugua hapo, unafika kwa fundi.

Mzee alilifanya hilo miaka. Mwaka 1996, Bunge linahamia Dodoma na mji umejaa mashangingi, Land Rover 109 yetu ikawa haizibiki tena. Kutu imekula tangi chini kote. Jirani akajitolea kuleta mashine achomelee palepale uani.

"Bwana, tangi tupu ndilo linaloua," Mzee akamjibu. "Mvuke wake unalipuka." Akaagiza jipya kwa fundi bati.

Siku ya kulifunga Mama akaamriwa azime mkaa, wali ungali mbichi. Jicho alilompa! Mzee akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akakinga petroli iliyobaki kwenye dumu, na kwa kuwa kaka yangu ghafla alikuwa na mazoezi ya kwaya, nikaingia mimi chini ya gari.

Vumbi mgongoni, tangi kifuani, ncha ya bati ikinikata kidevu. Mpira wa zamani ulikuwa unanidondoshea matone shingoni: yanapoa kwanza, halafu yanawasha. Mzee kalala ubavuni mwangu, anatafuta tundu la bolti kwa kidole. "Inua. Shusha kidogo. Kushoto. Kushoto kwangu!" Mikono inatetemeka, naye anapuliza vumbi kwenye nati taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Kisha bolti ikauma, uzito ukaniondoka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaniangalia. "Usiachie bado," akasema.

Mengine yalikwenda haraka: mpira wa kujazia, wa kupumulia, klipu, rangi ikakwanguliwa kidogo ili waya wa ethi wa geji ya mafuta ushike.

Watu husema ndiko nilikojifunzia ufundi. Labda. Nahisi nilijifunza zaidi kubisha.

Maana tangi halikuvuja hata tone, ila fundi alilipunguza kina. Floti, lile boya la geji, inagusa sakafu ya tangi huku mshale bado uko robo. Tulilijua hilo tukienda harusini, gari limezima karibu na Kibaigwa, juani, Mama na kitenge chake kipya.

"Mafuta yameisha," Mama akasema.

Mzee akagonga kioo cha geji kwa ukucha. "Yaishe wapi, Mama Neema? Robo hiyo."