Shashi Ambazo Daktari Alikataa Kuzitoa

Kijana alianguka na bodaboda, fuvu likapasuka kwa chini na jicho la kulia likaacha kuona. Hospitali iliyompokea ilimshona, ikamruhusu. Wiki kadhaa baadaye aliletwa kwetu usiku, damu ikimtoka puani kwa mikupuo na kushuka kooni hadi anaitapika.

Nilimwekea kanula mbili kubwa mishipani, nikakimbiza sampuli benki ya damu. Daktari wa masikio, pua na koo aliingiza katheta ya Foley, mrija laini wenye puto karibu na ncha, puani taratibu mno, akiilaza sambamba na kaakaa. Ikielekea juu, inaweza kupenya kwenye ufa wa mfupa na kuingia kwenye ubongo. Nilimulika tochi mdomoni mpaka ncha yake ikachungulia nyuma ya kimio. Ndipo akajaza puto, akalivuta, akashindilia shashi za vaselini kwa mbele. Damu ikakata.

Siku zilizofuata homa ilipanda, na ukingo wa tundu la pua ukaanza kuwa mweusi pale katheta ilipokandamiza. Mama yake akanishika mkono. "Sista, mwanangu hali, halali, anahemea mdomoni. Mtoeni hivyo vitambaa." Kwa damu ya pua ya kawaida tungekuwa tumeshazitoa. Daktari alilegeza katheta, akaongeza antibayotiki, lakini shashi akakataa. Ajali ya kichwa, jicho lililopofuka, kisha damu nyingi puani: alishuku ateri ya karotidi ya ndani, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. CT scan ya mishipa ikaonyesha hivyo. Ukuta wa ateri ulichanika, damu ikajitengenezea kifuko kilichojitokeza kwenye uwazi wa mfupa nyuma ya pua. Tungezivuta wodini, angetufia mikononi.

Nilimsindikiza kwenye rufaa. Kabla ya kuiziba ateri ile moja kwa moja, waliifunga kwa muda kwa puto dogo, naye akiwa macho, kuona kama mishipa ya upande wa pili itatosha kuulisha ubongo, isipotosha, anapooza. Wakanivalisha aproni ya risasi ya kukinga mionzi. Kila walipomwambia akaze mkono wa kushoto, nilitazama vidole vyake. Vilikaza hadi mwisho. Wakaiziba kwa koili, vijiwaya laini vilivyojisokota, na shashi zikatolewa palepale. Pua ilibaki kavu.

Jicho halikurudi. Kinachoniuma hadi leo ni ile ruhusa ya kwanza: fuvu limepasuka, jicho halioni, na hakuna aliyeagiza mishipa ipigwe picha.