Kumbukumbu ya mradi: kuiandaa kompyuta ya nyumbani kuhamia Windows 11

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yetu ya nyumbani niliiandikisha kwenye mpango wa nyongeza unaoipatia masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini sioni sababu ya kungoja mpaka maji yanifike shingoni. Nimeamua kupandisha toleo juu ya mfumo uliopo, bila kufuta programu wala mafaili, na kumbukumbu hii inahusu maandalizi tu, kwa kuwa usakinishaji wenyewe ni kazi ya saa chache.

Nilianza na sifa za mashine. Prosesa ni Intel ya kizazi cha nane, yaani pale pale ambapo orodha rasmi ya Intel inaanzia, ukiacha prosesa chache zilizotangulia ambazo zimeruhusiwa. Kumbukumbu ya RAM ya GB 16 inatosha na kubaki, kwani kinachodaiwa ni GB 4, na diski inaizidi kwa mbali GB 64 inayotakiwa. Amri ya tpm.msc ilinijibu kwamba hakuna TPM, yaani kijenzi cha kutunzia funguo za usalama ambacho Windows 11 hukidai katika toleo la 2.0, jibu ambalo halikunitisha: kwenye mashine za umri huu TPM 2.0 kwa kawaida imo ndani ya jukwaa la prosesa kwa jina la PTT, ila huuzwa ikiwa imezimwa. Niliiwasha katika mipangilio ya UEFI, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, na tpm.msc ikaonyesha toleo la 2.0.

Kilichonipa kazi ni mstari mmoja katika msinfo32, dirisha la taarifa za mfumo, ule wa «BIOS Mode», uliosomeka «Legacy», yaani kompyuta inawaka kwa njia ya zamani badala ya UEFI. Diski hii niliihamisha nzima nzima kutoka kompyuta ya zamani, na pamoja na data ilikuja na MBR, mpangilio wa zamani wa kuigawa diski. Secure Boot, ukaguzi wa programu za kuwashia ambao Windows 11 hutaka mashine iuweze, hufanya kazi chini ya UEFI peke yake, na Windows ikiwaka kwa UEFI huhitaji diski yake iwe na mpangilio mpya wa GPT. Windows 10 inayo programu ya mbr2gpt, inayobadilisha mpangilio huo bila kufuta data. Niliendesha kwanza sehemu yake ya ukaguzi, «mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS», ambayo haigusi kitu, nayo ikakataa.

Sababu ilionekana mara nilipofungua Disk Management. Diski ilikuwa imegawanywa katika patisheni (yaani sehemu) nne za msingi, ilhali mbr2gpt inakubali zisizozidi tatu, maana yenyewe inahitaji nafasi ya kuunda patisheni ya EFI, ambayo UEFI huwashia mfumo. Ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya kuwashia mfumo, ya pili C, ya tatu ya uokoaji ya Windows, na ya nne ilikuwa ya kuirejesha kompyuta katika hali ya kiwandani. Kiwanda gani sasa? Ni cha ile mashine ya zamani, ambayo haipo tena. Hata hivyo sikuifuta kwa kukisia. Amri ya «reagentc /info» huonyesha ni patisheni ipi inayobeba mazingira ya uokoaji yanayotumika, nayo ilitaja namba 3, kwa hiyo ya nne ilikuwa mzigo mtupu.

Kabla ya kufuta chochote nilishughulikia nakala rudufu, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Nilichukua taswira kamili ya diski, yaani nakala yake nzima katika faili moja, na kuiweka kwenye diski ya nje, kisha nikanakili mafaili ya familia peke yake kwenye diski ya pili, ili kuyapata kusitegemee programu iliyotengeneza taswira. Folda ya AppData, ambayo imefichwa, niliiongeza kwa makusudi, kwa sababu humo ndimo programu nyingi huweka barua pepe, mipangilio na alamisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa mimi siihesabu kuwa nakala. Kwa hiyo diski ile ya pili niliichomeka kwenye kompyuta nyingine, nikafungua picha za miaka mbalimbali, video ndefu na jedwali la matumizi ya nyumbani, kila moja mpaka mwisho. Diski hiyo ya pili imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, na ufunguo wake wa uokoaji wa tarakimu 48 nimeuandika kwenye karatasi, kwani ufunguo uliohifadhiwa ndani ya diski iliyofungwa haumsaidii mtu.

Baada ya hapo nilitumia diskpart kuifuta patisheni ya nne, nikilinganisha ukubwa wake na ule wa Disk Management kabla ya kubonyeza Enter. Ukaguzi ulipita, nikaweka «/convert» mahali pa «/validate», na kazi ikaisha upesi kwa onyo kwamba ni lazima UEFI iwekwe katika hali yake halisi kabla mfumo haujaweza kuwaka. Nikazima CSM, sehemu inayoruhusu kuwaka kwa njia ya zamani, nikawasha Secure Boot, na kompyuta ikawaka kama kawaida. Ule mstari wa msinfo32 sasa unasomeka «UEFI».

Yaliyobaki ni madogo. Nimesafisha mafaili ya muda, nimeendesha «sfc /scannow» inayokagua mafaili ya mfumo, nimesasisha draiva ya kadi ya picha, na nimeiondoa antivairasi ya nje, ambayo nitairudisha baadaye. Siku ya kusakinisha nitachomoa printa na diski zote za nje. Baada ya kupanda, Windows huihifadhi folda ya Windows.old na kuruhusu kurudi nyuma kwa siku 10, kwa hiyo katika kipindi hicho nitajaribu kwanza printa, skana na ile programu kongwe ya hesabu, na sitagusa usafishaji wa diski mpaka zote tatu zifanye kazi.