Jicho la Mnana

Baringo nilikwenda kumtafuta mnana mmoja: yule wa uso mweusi uliozungukwa na kahawia nyekundu, ambaye kwa Kenya wapenzi wa ndege humfuata hasa huko. Ziwa lilikuwa limepanda, na migunga ya ufukweni ilikuwa imefia majini ikiwa wima, matawi yamejaa viota.

Tuliondoka Kampi ya Samaki asubuhi na mapema kwa boti. Nahodha alipozima injini, makelele ya minana yakatupokea. Kila nilipoelekeza darubini niliona manjano na nyuso nyeusi.

"Dada, rangi achana nayo kwanza," akaniambia. "Tazama jicho."

Sijawahi kupewa ushauri bora kuhusu ndege. Mwenye jicho jeupe, weusi wa uso ukipanda hadi utosini, ni aina moja. Mwenye jicho jekundu, weusi wake ukiishia kwenye paji, ni nyingine, na kiota chake kina umbo la kitunguu. Mnana wa Jackson naye ana jicho jekundu, lakini kichwa chote ni cheusi na tumbo ni la hudhurungi, kwa hiyo huyo hachanganyi mtu. Niliyemtaka mimi ana jicho la kahawia, karibu jeusi.

Kwenye tawi lililokuwa karibu nasi, dume la jicho jeupe lilikuwa ndio kwanza linaanza kujenga. Lilikanyaga ukoka kwa kidole, likaupitisha kwa mdomo chini ya kijiti, likauvuta, likaurudisha, mpaka pete ikafunga. Kisha likasimama ndani ya pete hiyo, likaendelea kusuka bila kugeuka: mbele yake chumba cha mayai, nyuma yake mlango. Kipimo ni mwili wake mwenyewe! Ningeweza kumtazama fundi huyo siku nzima.

Wangu tulimkuta kwenye matete. Aling'ata ukingo wa jani, akaruka nalo, utepe mrefu ukachanika nyuma yake. Alipotua nikamwona vizuri: kahawia ya kichwani ikizama taratibu kwenye weusi wa uso, na jicho lisilong'aa hata chembe.

"Ndiye?" nahodha akauliza.

"Ndiye."

Hatukutoka hapo mpaka upepo ulipoanza kuchafua ziwa.