Tulipoujaribu mchezo wa vijana waasi

Jana usiku tulikaa watano mezani kuujaribu mchezo ninaouandika, mchezo wa kuigiza wahusika ambamo vijana wa sekondari wanapambana na utawala unaowafuatilia kila waendako. Kanuni yangu ilimtaka mchezaji arushe dadu mbili na kupata jumla ya 10 au zaidi ili aponyoke doria, na ingawa nilijua kuwa hilo hutokea kwa wastani wa mara 6 tu katika kila 36, sikuuhisi uzito wake mpaka nilipomwona mmoja wetu akishindwa mara tatu mfululizo, kisha akaiweka penseli chini na kunyamaza. Hapo nikatambua kuwa nimewapa watawala nguvu zote, na vijana sikuwaachia kitu. Tukakubaliana kwamba 7 hadi 9 iwe ni kuponyoka kwa gharama: rafiki anakamatwa, au siri moja inavuja. Meza ikachangamka papo hapo. Yule aliyenyamaza akamtoa mhanga mhusika wake ili mdogo wake avuke ukuta, nami, nasema kweli, nilitokwa na machozi. Kanuni za usaliti bado hazijaniridhisha. Nitaziandika upya kabla hatujakutana tena.