Breki za 109 kwenye Land Rover fupi ya baba

Siku niliyopitiliza stendi ya Kiwira na magunia manne ya viazi nyuma, sikupiga hata kelele. Nilikuwa nahesabu. Pampu ya kwanza pedeli ya breki ikaenda mpaka chini, ya pili hivyo hivyo, ya tatu ikagoma kidogo, ya nne ikashika. Nikasimama mita kama mia mbele ya mteja wangu. Yule mama alikuja anatembea taratibu, akaniuliza kama tumegombana.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya 1974. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kulikuwa na fupi na ndefu. Fupi ni inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ndefu ni inchi 109, ile ambayo wengi wetu tulikua tukiiona kama gari la polisi au la wagonjwa. Zote zina breki za dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, mbele na nyuma. Ya baba ni fupi. Aliniachia pamoja na deni la matairi.

Kesho yake nikalipeleka Uyole kwa mzee mmoja ambaye Land Rover kwake ni kama mifugo. Alifungua wili silinda ya mbele kushoto, ile pampu ndogo inayosukuma breki kwenye gurudumu, akatoa raba, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imevimba kama harage lililolala kwenye maji usiku kucha. Mtu aliongeza oili ya kawaida kwenye kikopo cha breki, na raba za breki hizi haziivumilii oili inayotokana na mafuta ghafi. Zinavimba, zinalainika, mwisho zinaachia. Namshuku kaka yangu. Anakana mpaka leo.

"Mwanangu," mzee akasema, "nikikuwekea raba mpya, litasimama kama zamani. Sasa hiyo zamani yenyewe lilikuwa linasimama?"

Halikuwa linasimama. Hata baba enzi zake alikuwa anaanza kukanyaga breki mapema, kama anayeaga msibani.

Mzee ndiye aliyenituma kwenye yadi ya vyuma chakavu upande wa Iyunga. Kulikuwa na 109 imelala ubavu, bodi imeshakatwa nusu, mlangoni bado kuna kivuli cha msalaba mwekundu. Nilikuwa nimetumwa nilete sahani zote mbili za mbele zinazobeba breki, pamoja na viatu vyake (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani), dramu zake, na masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedeli. Mwenye yadi alipoona mwanamke ametaja vitu kwa majina akaacha kuzungumzia kilo, akaanza kuzungumzia spea. Alianzia laki tatu na nusu. Tuliachana kwenye laki mbili na ishirini, nikaondoka na mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

Kwa nini 109? Dramu za mbele za 88 yangu ni za inchi 10, za 109 ni inchi 11. Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni lililo ndani. Kwenye 88, kila gurudumu la mbele lina silinda moja inayosukuma viatu viwili. Kimoja kinaelekea dramu inakozunguka, kwa hiyo dramu yenyewe inakivuta na kukikandamiza zaidi. Cha pili kinasukumwa nyuma. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, na viatu vyote viwili vinavutwa. Mkulima ataelewa haraka: plau ikivutwa na ng'ombe mbele inajizamisha yenyewe, ukiirudisha nyuma inaparaza tu juu ya udongo. 88 ina plau moja inayozama na moja inayoparaza. 109 zote zinazama.

Na vinaingia bila kuchomelea wala kutoboa kitu. Boliti sita zilezile, haba (kitovu cha gurudumu) ileile.

Sikuchukua kila kitu kama kilivyotoka yadi. Raba nilinunua mpya zote, na mipira mipya ya kupitishia mafuta ya breki. Viatu vilivuliwa lainingi kuukuu, ile bitana inayosugua dramu, vikapigwa ribiti lainingi mpya. Hapo niligombana kidogo na mzee, maana alitaka kupuliza vumbi kwa mdomo. Lainingi za miaka ile zilikuwa na asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Nikamwagia maji kwanza. Akanitazama kama mtu anayeosha kuni, lakini akaacha kupuliza. Dramu zilikuwa na mifereji. Fundi wa leti alikereza kidogo, akagoma kuendelea, akasema akipunguza tena nitakuwa nimefunga sufuria.

Kijana wa mzee ndiye aliyefunga. Tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki, tukarekebisha viatu kimoja kimoja, nikalitoa kwenye barabara ya vumbi nyuma ya gereji. Nakanyaga, gari linasogea tu kama halijasikia. Masikitiko yangu hayaelezeki. Laki mbili na ishirini, pamoja na lainingi. Nikaingiza rivasi nirudi, nikakanyaga kwa hasira, na gari likagota papo hapo, kisogo changu kikapiga kioo cha nyuma.

Mzee alikaa chini kabisa, anacheka. Sahani ya kulia ilikuwa kushoto na ya kushoto kulia. Plau zote zilikuwa zimegeuzwa.

Tukazibadilisha. Bado pedeli ilitaka pampu mbili, kwa sababu ile masta silinda ya 109 nilikuwa nimeiacha kwenye boksi, nikidhani ya 88 itatosha. Silinda nne mbele zinataka mafuta mengi kuliko mbili, na masta ya 88 ni nyembamba. Ilipofungwa ya 109, pedeli ikashika juu, pampu moja. Inataka mguu mzito zaidi ya zamani. Sina busta, kile kifaa cha kuusaidia mguu kwenye pedeli, wala sijaitafuta. Viatu vyangu vya wazi nimeviacha nyumbani.

Wiki iliyopita nimeteremka kutoka Isongole kwenye ukungu ule wa asubuhi, gia ya tatu, magunia manne. Stendi ya Kiwira nilisimama usawa wa mama yangu wa viazi, akafungua mlango kabla sijazima.

Ila ile plau ina upande wake wa pili. Nikisimama kwenye mlima pua ikiangalia juu na gari likaanza kurudi, viatu vyote vya mbele vinaparaza. Hendibreki ya Land Rover haiko kwenye magurudumu. Inabana shafti nyuma ya gia boksi, na ya kwangu imelowa oili inayovuja. Mzee anasema sili yake ataibadilisha mwezi ujao. Kwa sasa chini ya kiti cha abiria kuna jiwe, na mwanangu anajua kwamba tukisimama Isongole yeye ndiye wa kwanza kushuka.