Siku mjomba alipokwangua rangi

Mashine ya kusaga plastiki niliyokwenda kununua ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, mbichi bado, ukiigusa inanata. Mjomba alikasirika tangu getini. Alisema hajawahi kuona mtu anamvalisha mgonjwa suti.

Kiwanda kilikuwa kwenye mtaa wa viwanda, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Zamani kilitengeneza beseni na mifuko ya plastiki. Amri ya Desemba 2017 ilipopiga marufuku mifuko, mwenyewe alijikaza kidogo na beseni peke yake, halafu akaanza kuuza vitu kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nakusanya bido, yaani madumu ya plastiki, Katuba, komini nyingine ya hapa. Bido tupu ni mateso: unajaza kamio mpaka juu, dereva anafunga kamba, mkifika kwenye mizani unakuta umelipia safari ya hewa. Zikisagwa, mzigo uleule unaingia kwenye magunia machache. Kwa hiyo ile mashine ya kusaga niliitaka kuliko nilivyopenda muuzaji ajue, na nadhani alijua.

Mjomba alikuwa fundi umeme wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Alitoka kwenye ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Tangu hapo kila mtu katika ukoo mwenye feni, pampu au jenereta amemsumbua.

Alitoa kisu kidogo mfukoni, akainama kwenye mota, akaanza kukwangua.

“Papa, unaharibu rangi,” muuzaji alisema.

“Rangi sikuja kununua.”

Chini ya kijani kikatokea kibao cha mota: volti 460, hezi 60, nguvu farasi 30. Muuzaji akatazama pembeni. Umeme wetu ni volti 380, hezi 50, na wanunuzi wengi wakiona 60 wanageuza njia, maana wameshaambiwa mota ya namna hiyo itaungua. Nilijua sasa rangi ilikuwa ya kazi gani, na moyo wangu ukashuka.

Mjomba hakushtuka hata kidogo. Aliokota kipande cha chaki, akaandika ukutani: 460 gawanya kwa 60, ni saba na nukta sita na kitu. 380 gawanya kwa 50, saba nukta sita. “Ona, mama, volti kwa kila hezi ni karibu sawasawa. Haiungui. Itazunguka polepole zaidi, na kwenye farasi 30 utabaki na 25. Kama unataka mwendo wake wa zamani kwenye visu, unabadilisha puli, lile gurudumu la mkanda.” Muuzaji alikuwa ameficha kitu ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Nikicheka leo, siku ile sikucheka.

Ubaya ulikuwa kwingine. Muuzaji alitaka kuiwasha tupu, tuisikilize. Mjomba akakataa, mashine tupu, alisema, zote zinaimba vizuri. Nilikuja na gunia la bido zangu, za njano, zile nene za mafuta ya kupikia. Akabana saa yake ya kupimia umeme kwenye waya mmoja: ampea 14 bila kazi. Tulipoanza kulisha ikapanda mpaka 31, na kibao kilisema mwisho 35. Mota ilikuwa nzima. Lakini vilivyotoka chini ya chekecheo havikunipendeza. Plastiki iliyokatwa vizuri ina ukingo safi. Hivi vilikuwa na mikia, vimechanika kama nyama iliyoliwa na mbwa, na nilipotia mkono kwenye ndoo vilikuwa vya moto.

Tukazima, tukavuta waya ukutani, mjomba akafungua kifuniko. Akachana kipande cha pakiti ya sigara, akakiweka kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichosimama, akazungusha kwa mkono. Kipande kilikunjwa, kikapita kizima. Halafu akanionyesha matundu marefu ya bolti. Visu hivyo husogezwa mbele kila vikinolewa, na hivi vilikuwa vimesogezwa mpaka tundu limeisha. Hakuna tena pa kusogeza. Seti nzima ilikuwa ya kutupa. (Baadaye tulichongesha vingine kwa springi za kamio. Havidumu kama vya kiwandani, lakini vinakata.)

Bei ilikuwa dola 4,500. Kwa visu vile mjomba akataja 2,500, muuzaji akamtaja Mungu, na baada ya chai na maneno mengi kuhusu watoto wa shule tukafika 3,000. Nikaanza kuhesabu noti.

“Na waya wake,” mjomba akasema.

Waya ule ulitoka kwenye mashine mpaka kwenye kisanduku cha ukutani, mnene, shaba tupu ndani. Muuzaji akasimama. Mashine ni mashine, waya ni wa jengo! Mjomba akasema bila waya mashine ni chuma cha kukalia. Hapa kwetu kila mtoto anajua bei ya shaba, na wazee hawa wawili, waliokuwa wameachiana dola 1,500 kwa heshima zote, sasa walikuwa wanapigana kwa waya. Dereva wa kamio alizima injini, akashuka kutazama.

Mwishowe wakaupima kwa hatua, wakaukata katikati kwa msumeno wa chuma, kila mmoja akakunja wake.